Jino Bubu

Piano ya misheni ilifika Tukuyu kabla baba hajazaliwa,
na mvua ya Tukuyu haina adabu kwa mbao.
Ikavimba, ikapasuka, panya wakazaa kati ya nyundo zake.
Mimi ndiye niliyewatoa, kwa ndoano ya waya,
na nyuzi nikazikaza kwa spana ya baiskeli.
Fundi? Sikuwa fundi. Nilikuwa na spana.

Akaja yeye, mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji:
mwalimu wa hesabu kutoka Japani, miaka sitini na mitatu,
viatu vya mpira, mwavuli ulioshonwa mara mbili.
Mama Shizue. Aliingia ukumbini kutafuta chaki,
akaifuta piano vumbi kwa mkono wa sweta,
akagusa noti moja
kama unavyogusa paji la mtoto usiku.
"Huyu," akasema, "ana homa ya zamani."

Jino moja, juu kidogo ya katikati, lilikuwa bubu.
Uzi wake ulikatika, na wa kuuziba haukuwepo
Mbeya wala Iringa.

Maisha yake alinisimulia kwa vipande,
mimi nikiwa chali chini ya piano, tochi mdomoni,
kwa hiyo sikuweza kuuliza.

Miaka kumi na saba, Yokohama, jiji bado linanuka moshi wa vita.
Anapiga swing kambini kwa Wamarekani,
analipwa sabuni na nyama ya kopo.
Alijifunza kwa santuri moja:
sindano nyuma, sindano nyuma,
hadi santuri ikabaki na mikwaruzo
na yeye akabaki na muziki.
Wanaume kumi na mmoja, na yeye.
Kwenye bango jina lake lilikaa chini ya bei ya bia.
Halafu vijana wakapenda magitaa,
bendi ikaisha kama inavyoisha sabuni:
sita, watatu, mmoja,
yeye, pembeni ya chumba cha kulia hotelini,
watu wakiitisha bili katikati ya solo.
"Miaka kumi na tisa," akasema. "Nilijua sauti ya kila uma."
Albamu moja alitoa. Nakala mia tatu.
Nyingi alilala juu yake, zikiwa uvunguni.

Siku nilipotoa tochi mdomoni nikauliza: swing ni nini?
Hakunijibu. Alinivuta dirishani.
Njia ya sokoni ilikuwa utelezi mtupu,
na mama yake Tupokigwe anashuka, mkungu wa ndizi kichwani.
"Tazama mguu. Unatua baada ya pale ulipoutarajia.
Sasa tazama mkungu. Umechelewa?"
Haukuchelewa.
Wanawake wale wameshuka mbele yangu miaka yote.
Ilibidi mtu atoke Yokohama kunionyesha.

Siku ya mahafali afisa elimu alitazama saa mara mbili.
Mama Shizue alipiga. Alipolifikia lile jino
hakulikwepa, aliligonga makusudi: *toki*,
kavu, kama kisigino sakafuni.
Mpishi alitoka jikoni na mwiko unaodondosha maharage,
akasimama mlangoni hadi mwisho.
Alisema "Ndaga," akarudi kwenye moto wake.
Hayo ndiyo makofi ninayoyakumbuka.

Alirudi kwao. Mwaka wa tano kikaja kifurushi:
uzi uliokunjwa kama nyoka mdogo, na kikaratasi,
*Gwakisa, mpe jino lake.*
Nimelipa. Linasema vizuri mno.
Watoto wa kwaya wanalipenda.
Mimi nalisikia kama mgeni
aliyekalia kiti cha mtu aliyetoka nje kidogo.

Jioni nyingine, ukungu ukishafunga madirisha,
naulegeza ule uzi, nagonga.
*Toki.*
Asubuhi naukaza tena, kabla kwaya haijafika.